Darasa Refu la Mama Vichaka

Wanafunzi walimwita Mama Vichaka, naye alijua, maana jina la utani la mwalimu hufanana na mlio wa tumbo lake: kila mtu darasani huusikia, na adabu ni kujifanya hujausikia. Hakulikasirikia. Wenzake idarani walikuwa na majina mabaya zaidi. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, mzee mpole aliyekaa zaidi na chupa zake za ukungu kuliko alivyokaa na mkewe, aliitwa Bwana Kuvu hata kwenye kadi za mwaliko wa harusi ya bintiye.

Kazi ya Mama Vichaka ilikuwa kutazama misitu ikirudi. Mtu akimuuliza kwenye foleni ya benki, alijibu hivyo hivyo: "Natazama misitu ikirudi." Aliyeuliza aligeuka akaendelea kuitazama foleni, ambayo angalau ilikuwa ikisogea. Shamba likichoka na mwenyewe akalihama, kwanza huja nyasi, ndefu, ngumu, zenye ubishi. Kisha ndege apitaye hudondosha mbegu pamoja na mengine yake, na hapo huchipuka mti laini wa haraka haraka, wa aina isiyofaa hata kuni. Chini ya kivuli chake nyasi hudhoofika, na kwenye pengo hilo ndipo mti mgumu hujitokeza, polepole, kama mkwe anayejua kwamba nyumba hatimaye itakuwa yake. Shughuli nzima huchukua umri wa mtu. Mama Vichaka alikuwa ametoa wake.

Alizaliwa binti wa mpasua mbao. Baba yake alikuwa na msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni, na kwa mbao hizo alisomesha mabinti wawili. Mkubwa akawa fundi cherehani, mdogo akawa profesa. Dada mtu alipofiwa na mumewe alihamia kwa mdogo wake pamoja na cherehani yake na maoni yake, na alipenda kuwaeleza wageni jinsi mambo yalivyo.

"Baba alikata, huyu anahesabu visiki," alisema huku akimimina chai. "Ukoo wetu haujaacha biashara ya mbao. Tumehamia tu kitengo cha majuto."

Kuolewa, Mama Vichaka alikaribia mara moja. Mchumba, mhasibu mwenye viatu vilivyong'aa, alikwenda kumtembelea kituoni msimu wa mvua. Ruba walimpanda hadi magotini. Alirudi mjini kimya kimya na barua yake ya kuvunja uchumba ilizungumzia tofauti za kimtazamo.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye bonde lililokwisha kukatwa, kulimwa na kutelekezwa. Chini kabisa, kando ya barabara, palikuwa na kitalu cha miche na bweni la mabati. Hapo ndipo kilipoanzia kiwanja cha kwanza cha utafiti, ambacho kilikuwa nyasi tupu. Ukipanda mlima, kila kiwanja kilikuwa kikongwe kuliko kilichokitangulia, kwa sababu wakulima walikuwa wameanza kuhama kutokea juu. Kila mti ulipigiliwa kibati chenye namba, na kila mwaka ulizungushiwa utepe usawa wa kifua kupimwa unene, jambo ambalo miti ililivumilia kuliko wanafunzi. Juu kabisa, ng'ambo ya kijito, ulisimama msitu ambao haukuwahi kuguswa. Haukusalimika kwa sababu ya hekima ya mtu. Ulisalimika kwa sababu mlima ule ni mkali na hakuna aliyepata namna ya kushusha magogo bila kuua watu. Vitu vingi vinavyoheshimiwa vilisalimika hivyo.

Waliuita Mama Mkubwa. Ndege na ngedere walikula matunda huko wakashuka kulala bondeni, na kila mche mgumu uliokuwa ukichipua viwanjani ulikuwa umetoka kwake. Mama Vichaka aliwaeleza wanafunzi jambo hili kila mwaka, kwa maneno yale yale. "Huyu akifa, tunaweza kufunga kitabu. Bonde litabaki nyasi, nanyi mtahamia kusomea uhasibu."

Somo lake lenyewe liliitwa Darasa Refu. Kila mvua zilipokolea, kwa kuwa ndipo miche huchipua na kutambulika, aliwachukua wanafunzi wa mwaka wa tatu akawatembeza kutoka kitaluni hadi kwa Mama Mkubwa. Asubuhi walikuwa nyasini, jua likiwachoma utosini. Adhuhuri walikuwa kwenye miti laini. Alasiri walivuka kijito na kuingia chini ya mkuyu mmoja mkubwa ambao mizizi yake ilisimama kama kuta za chumba, nao wote, hata wale waliokuja kwa sababu kozi nyingine zilikuwa zimejaa, walinyamaza. Kwenye kila kiwanja alisimama chini ya mti ule ule, wakamzunguka, akatoa mzaha ule ule. Zamani mkuu wa idara wa wakati huo aliwahi kumuuliza kwa nini gari lisiwapeleke kwanza juu kupitia barabara ya nyuma, wakashuka badala ya kupanda, wakaokoa jasho.

"Hadithi haianzi na harusi ikaishia na uchumba," alimjibu.

Hakuna aliyeuliza tena. Lilikuwa somo zuri mno. Watu walilikumbuka walipokuwa wamesahau kila kingine alichowafundisha, na vyuo vingine vilituma walimu waje wajifunze jinsi ya kupanga njia namna ile.

Mti wa kwanza kufa ulikuwa kwenye kiwanja cha pili. Majani yalianza kupungua kileleni, kama kichwa cha mwanamume anayejiambia kwamba ni mwanga tu. Kisha shina likatoa majimaji meusi karibu na ardhi, na baada ya mvua mbili likawa kavu. Mama Vichaka aliandika: kiangazi. Mwaka uliofuata ikawa miwili, akaandika: uzee. Kwenye kiwanja cha tatu akaandika radi, ingawa hakuna aliyesikia radi. Mtu akishapima vifo kwa miaka mingi, hukizoea kifo kama karani wa makaburi. Humshtua tu kinapochelewa.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mwaka aliotakiwa kustaafu. Mkuu wa idara wa sasa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kijana aliyewahi kutapika juu ya ramani ya kituo kwa sababu ya kona za barabara, na ambaye sasa alivaa tai hata Jumamosi. Alimpenda Mama Vichaka kwa dhati. Ndiyo maana alikuwa amemwandalia kitu cha kutisha.

"Shikamoo, Mama. Tumepata wafadhili," alisema. "Wanataka kutujengea maabara pale kituoni. Wana sharti moja dogo: watembezwe Darasa Refu, na wewe mwenyewe. Ndiyo itakuwa sherehe yako ya kuagwa."

"Ni wangapi?"

"Wao, wake zao, waandishi, na wanafunzi wa zamani wote watakaopenda kuja. Umati, Mama. Wanakupenda."

"Mvua zimekolea."

"Tumewanunulia buti."

Wiki moja kabla ya siku hiyo alipanda peke yake kukagua njia. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyoanza wala kuisha. Kwenye kiwanja cha pili alikwenda kusimama mahali pake pa kawaida, akanyoosha mkono kuegemea mti wake, na magome yakambandukia kiganjani kama ganda la mkate. Mti ulikuwa umekufa. Hilo alilijua. Ambalo hakuwahi kuliangalia ni kwamba iliyokufa pamoja nao ilikuwa imeuzunguka kwa duara, na nje ya duara hilo msitu ulikuwa mzima, wenye afya, usio na habari. Duara lilikuwa na ukubwa wa darasa la watu wanaosikiliza.

Alipanda hadi kiwanja cha tatu. Mti wake pale ulikuwa umebaki na majani machache, na duara lilikuwa limeanza kuwa la manjano. Kwenye cha nne yalikuwa ni majimaji meusi tu kwenye shina, mapya, bado yaking'aa. Kati ya kiwanja na kiwanja, njia ilifuatwa na miti iliyonyauka upande huu na upande huu, kama watu waliojipanga kumpokea mgeni. Alianza kutembea haraka. Alikuwa na wazo moja tu, kwamba amwone Mama Mkubwa, na alivuka kijito bila kutafuta mawe.

Chini ya mkuyu mambo yalikuwa salama. Alitazama juu: majani mazito, ya kijani ya giza, hakuna pengo hata la kupitisha kidole. Akapapasa mizizi, mikavu, imara. Aliguna kwa faraja, akageuka kama alivyogeuka kila mwaka kuwatazama wanafunzi ambao hawakuwepo, na hapo ndipo macho yake yaliposhuka kwenye buti zake.

Alijua udongo kama dada yake alivyojua vitambaa. Kwenye visigino palikuwa na wekundu wa mteremko, na juu yake weusi wa kijitoni. Chini ya yote, umejibana kwenye meno ya soli, ulikuwepo udongo wa mfinyanzi wa kijivu ambao katika bonde zima hupatikana mahali pamoja tu, kitaluni, ambako miche ilikuwa imeletwa na malori kutoka kila pembe na maji hayakuwahi kukauka. Ulikuwa umepanda mlima wote, kiwanja kwa kiwanja, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kama somo linavyotaka. Kama wangekuwa wanashuka, matope yangeteremka kutoka kwa wazima kwenda nyasini, na nyasi hazijali. Lakini hadithi isingenoga.

Kisha akaelewa kwamba amekuja kumwangalia mgonjwa akiwa amemletea ugonjwa.

Aliketi juu ya mzizi akavua buti, polepole, akiwa ameinua miguu kama mtoto anayeogopa siafu. Alimwaga chakula chake cha mchana ndani ya mfuko, akachukua mkebe wake na kijiko, akakwangua soli hizo zote mbili, meno kwa meno, matope yakiingia mkebeni. Akakwangua na ardhi pale aliposimama, kadiri alivyokumbuka. Lakini mvua ilikuwa imeanza kuchurura sasa, na hakuna kijiko kinachokusanya kilichokwisha kulainika. Alifunga miguu yake kwa mifuko ya plastiki akateremka hivyo hivyo, akiteleza, amebeba viatu kifuani kama mtu aliyeiba.

Dada yake alimfungulia mlango.

"Mdogo wangu, ni mtindo au ni maradhi?"

"Nichomee viatu hivi, dada. Nyuma ya nyumba, juu ya bati, majivu yasiguse udongo."

Dada alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie pamoja hakuwa na maoni. Alikwenda kutafuta mafuta ya taa.

Bwana Kuvu alipokea mkebe siku iliyofuata, pamoja na mizizi na udongo ambavyo Mama Vichaka alivichimba viwanjani akiteremka, ndani ya mifuko miwili miwili. Aliutikisa mkebe, akaunusa, akasononeka kwa namna iliyofanana sana na furaha.

"Natoboa matufaa," alieleza, "naweka udongo ndani, naziba. Kama ni kile ninachokidhani, tufaa litaoza likiwa gumu, kahawia, bila kunuka. Uozo wa mizizi. Hukaa kwenye tope, husafiri kwa tope, hauna dawa msituni."

"Nataka jibu kabla ya wageni."

"Mama, tufaa halipokei maagizo ya mkuu wa idara. Nikikuambia ndiyo leo, nitakuwa mganga wa kienyeji mwenye digrii."

"Na ukikisia?"

Alifuta miwani yake muda mrefu. "Nikikisia, nisingeingia huko hata kwa kuruka."

Mkuu wa idara alimsikiliza hadi mwisho, mikono ameikunja, kama alivyofundishwa kusikiliza. Nje ya dirisha la ofisi yake mafundi walikuwa wakifunga hema la sherehe kwa majaribio.

"Nikuulize ulichonifundisha kuuliza," alisema. "Ushahidi uko wapi?"

"Unaiva."

"Mama, hawa watu wakiondoka hawarudi. Bila maabara, kituo chenyewe hakipiti mwaka huu. Chuo kitakifunga, na kikifungwa wapasua mbao wataingia na barabara ile ya nyuma. Wewe unaniambia tumuue mgonjwa asiambukizwe. Tutaweka beseni la dawa. Kila mtu atachovya miguu kwenye kila kiwanja."

"Watu wote hao, mvua hii, na dawa iliyokwisha kuwa supu ya matope baada ya wa kumi. Utachovya na pindo za suruali? Na fimbo zao za kutembelea? Na magurudumu ya gari la vinywaji?"

"Ni mara moja tu."

"Na mimi nilikuwa nakwenda mara moja tu. Kila mwaka."

Mkuu wa idara aligeuka kulitazama hema. Aliyemsomesha alikuwa mbele yake, na aliyemlipa alikuwa njiani, na mtu wa umri wake huwa anajua ni yupi kati yao anayezeeka. "Sherehe haitaahirishwa," alisema hatimaye, akiitazama tai yake. "Nisamehe. Kama hutaongoza wewe, nitaongoza mimi. Njia naijua. Ulinifundisha vizuri."

Hilo ndilo lililompotezea usingizi. Angeweza kukataa kwenda, nao wangekwenda. Alikuwa amelifundisha Darasa Refu kwa watu wengi kiasi kwamba halikumhitaji tena.

Siku yenyewe walifika kwa mabasi. Walikusanyika mbele ya bweni la mabati, wanafunzi wa zamani wakiwa na vitambi na watoto, wafadhili wakiwa na buti mpya zinazolia zikikanyagana. Beseni la dawa lilikuwa tayari, la buluu, na mkuu wa idara alikuwa amesimama kando yake kama mbatizaji. Mvua ilikuwa imesita. Mama Vichaka alivaa gauni aliloshonewa na dada yake, na malapa. Alisimama kwenye mdomo wa njia, akageuka, nao wakamzunguka bila kuambiwa. Walijua jinsi ya kusimama.

"Mnakumbuka mzaha wangu wa kiwanja cha pili?" aliuliza.

Walicheka na kuanza kuutoa wenyewe. Aliwangoja wamalize.

"Miti iliyokuwa ikiusikia imekufa. Yote. Na ya kiwanja cha tatu inakufa, na ya cha nne imeanza. Imekufa kwa duara, waheshimiwa, hivi mlivyosimama. Upana huu huu."

Mtu mmoja bado alikuwa anacheka. Akagundua yuko peke yake. Mfadhili mkubwa, bibi mnene mwenye kofia ya jua, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na ugonjwa huo unaletwa na nini, Profesa?"

"Unaletwa na somo langu. Unapanda mlima kwa miguu ya wanaokuja kujifunza. Mimi ndiye niliyeipanga njia. Kama ningeipanga ianzie juu, pengine leo tungekuwa njiani. Sijaleta majibu ya maabara, hayajatoka. Mkipenda, mnaweza kuyangojea kule juu. Au myangojee hapa."

Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kutazama chini. Waliinua mguu mmoja, wakauangalia, wakakosa mahali pa kuuweka. Mkuu wa idara alisimama na tabasamu ambalo hakuna mtu aliyemwambia kwamba bado liko usoni. Bibi mwenye kofia alitazama njia iliyopotelea majanini, akatazama mabasi, na akauliza kama chakula kimeiva.

Walikula mapema, wakaagana kwa adabu ya msibani. Wafadhili waliandika baadaye kwamba wameguswa sana, na kwamba vipaumbele vyao vimebadilika. Chuo kilifunga kituo kama ilivyotabiriwa. Mkuu wa idara alikaa muda mrefu bila kumsalimia, na alipomsalimia alimwita Profesa, si Mama.

Matufaa yaliiva baada ya hapo. Bwana Kuvu aliyaleta nyumbani mwenyewe, yamepangwa kwenye sinia la hospitali, akayaweka juu ya meza ya cherehani. Ya kiwanja cha pili yalikuwa kahawia, magumu, hayanuki. Ya cha tatu vile vile, ya cha nne vile vile. La mwisho, lililokaa peke yake pembeni, lilikuwa limejazwa matope ya ule mkebe. Nalo lilikuwa kahawia, gumu.

Dada alilibonyeza kwa kidole, akavuta kidole.

"Kwa hiyo ulichokikwangua kilikuwa hai," alisema.

"Nilichokikwangua, ndiyo," alisema Mama Vichaka.

Kwa ushahidi huo, angalau, serikali ilipiga marufuku mtu yeyote kuingia msituni kwa njia zote mbili, mpasua mbao kwa mtafiti. Ilikuwa sheria nzuri kuliko zote alizowahi kuziandikia maoni, na haikumwachia yeye upenyo. Hakuna namna ya kujua kama Mama Mkubwa ameambukizwa isipokuwa kwenda kuchimba mzizi, na hakuna namna ya kwenda bila kubeba kitu kwa miguu. Kwa hiyo alinunua darubini. Karibu kila wiki dada alimsindikiza kwa teksi hadi mlima wa ng'ambo, penye mnara wa simu, akakaa garini akishona vifungo huku mdogo wake akitazama bonde.

Mwanzoni mwa kiangazi mkuu wa idara alikuja kumkuta huko. Alikuwa bila tai. Alisimama kando yake bila kusalimu, kisha akasema, "Mama, wananiambia kuna mti wa manjano."

Alimpa darubini. Kilele kimoja, kushoto kwa mkuyu, kilikuwa kimepauka katikati ya kijani chote kile, wazi kama jino la dhahabu.

"Kuna miti inayopukutisha msimu huu," alisema yeye, darubini bado machoni. "Ulitufundisha. Aina tatu au nne."

"Zipo."

"Ule ni mmojawapo?"

"Kutoka hapa? Sijui."

"Basi twende tukauangalie. Sisi wawili. Buti mpya, hazijawahi kukanyaga popote, tunapita barabara ya nyuma, dakika chache tunatoka. Hata wewe huwezi kuishi hivi bila kujua."

Mama Vichaka alikuwa amekwisha kuipanga safari hiyo mara nyingi kichwani, pamoja na buti hizo hizo, na kila mara alifika, akachimba, akajua. Chini yao ukungu ulianza kupanda kutoka kijitoni, ukazimeza nyasi, kisha viwanja vya kati.

"Rudi mjini, mwanangu," alisema. "Mimi nitaendelea kutazama."

Ukungu ulifika ng'ambo ya kijito. Kilele kile kilibaki juu yake kitambo kidogo, cha manjano, peke yake, kisha nacho hakikuonekana tena.